Mpira Uliopita Chini ya Kusi

Watu wazima wa Bagamoyo wanaoukumbuka mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na sita hawakubaliani juu ya jambo lolote la mwaka huo isipokuwa moja: kwamba kusi ilivuma kupita kiasi. Ilianza baada ya alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri kama mtu aliyekwenda kusali, kisha ikarejea na hasira zake zote. Kwa hiyo mpira mdogo mweupe ulipoanguka kutoka juu na kutumbukia katika sufuria ya tui ya Bi Tabia, muuza vitumbua, saa tatu ya asubuhi, soko likiwa limefurika watu, hakuna aliyetafuta sababu ya ajabu. Bi Tabia peke yake ndiye aliyesema kuwa ni yai la ndege asiye na haya.

Tui lilimrukia msichana aliyekuwa mbele ya wanunuzi, bakuli mkononi. Huyo alikuwa Mardhiya binti Mikidadi, aliyeletwa na baba yake kutoka Pangani miezi miwili tu kabla ya hapo. Alivaa buibui jipya, na sasa lilikuwa na madoa meupe kuanzia begani hadi kwenye pindo. Alikuwa bado akijitazama alipotokea mwanamume anayehema, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hata ingeweza kusimama yenyewe, na kofia ya viua.

"Asalaam alaykum," alisema. "Nimekuja kuchukua mpira."

"Waalaykumu salaam. Wa nani?" Mardhiya alikuwa ameuopoa, ameushika kwa vidole viwili huku ukidondoka tui.

"Wa Bwana Mpima Ardhi."

"Ana macho, huyo Bwana Mpima Ardhi?"

"Kwa kiasi."

"Alikuwa akinilenga mimi au vitumbua?"

"Alikuwa akilenga shimo lililo upande wa pili kabisa, Bibi. Aliupiga juu, kusi ikauchukua."

"Basi mwenye makosa ni upepo."

"La. Mwenye makosa ni aliyeupa upepo mpira." Alisema hivyo bila kucheka, kwa kuwa lilikuwa jambo analoliamini. "Mpira wa juu ni mali ya upepo. Mpira wa chini ndio mali ya mwenyewe."

"Na tui ni mali yangu mimi!" alidakia Bi Tabia. "Hilo mbona halina mwanazuoni?"

Mardhiya alimtazama yule mwanamume kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. "Kama mpira wa juu ni mali ya upepo, basi huu si wa Mpima Ardhi. Upepo umenipa mimi." Akaufunga katika pindo la leso yake, akageuka, akaenda zake.

Bwanausi bin Mtoro, kwa maana hilo ndilo jina la yule mwanamume, alirudi uwanjani mikono mitupu. Katika miaka tisa ya kazi hilo halikuwa limepata kumtokea.

Uwanja wenyewe wa gofu leo ni mikorosho na magugu, na ukimwambia kijana kwamba hapo watu wazima walikuwa wakifuata mpira kwa fimbo kutwa nzima, atadhani unamdhihaki. Ulikuwa na mashimo tisa. Majani hayakukubali kuota kando ya mashimo, kwa hiyo pale pakawekwa mchanga uliochanganywa na mafuta, na kazi ya Bwanausi ilikuwa kuusawazisha mchanga huo kila asubuhi, kisha kuwabebea Wazungu fimbo zao na kunyamaza. Upande wa kaskazini palikuwa na soko. Upande wa kusini, mtaa mmoja tu mbele ya shimo la tisa, ilisimama nyumba ya ghorofa ya Mzee Mikidadi, mfanyabiashara wa nazi kavu. Ukuta wake wa mawe ulielekea uwanjani, na chini ya ukuta huo palikuwa na kilango cha mbuzi kilichofika kifuani mwa mtu, chenye kichwa cha tao. Kila alasiri kilifunguliwa mbuzi waingie.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Wazungu wote wakiwa wamelala, simu ya klabu ya gofu ililia. Simu za mji mzima zilikuwa tano, moja nyumbani kwa Mzee Mikidadi, na zote ziliunganishwa na Kibwana wa posta, kijana mwenye masikio bora kuliko yote katika wilaya.

"Halo. Klabu," alisema Bwanausi.

"Mateka wako hajambo," ilisema sauti ya kike.

"Mateka gani?"

"Mweupe, wa mviringo, hana shingo. Nimemwogesha tui lote likatoka. Hajasema kwao ni wapi."

Bwanausi alikaa kwenye kiti cha Katibu wa klabu, jambo lililokatazwa. "Bi Mardhiya, mpira huo unatafutwa."

"Uendelee kutafutwa. Nani anakohoa hapo?"

"Ni Kibwana wa posta. Ana kifua."

"Sina kifua," alisema Kibwana.

Ndivyo yalivyoanza. Kila baada ya siku mbili tatu, Mzee Mikidadi akiwa amejinyoosha baada ya chakula, mateka alitolewa taarifa ya afya yake. Msichana alikuwa na ulimi wa Pangani, unaochoma kwanza na kutia dawa baadaye. Naye Bwanausi, aliyezoea kunyamaza kwa mshahara, aligundua kwamba ana maneno.

"Nakuona kutoka dirisha la juu," Mardhiya alimwambia siku moja. "Jioni unapobaki peke yako. Hao wengine wanapiga kama watu wanaopasua kuni. Wewe unapiga kama unayefagia. Kwa nini?"

"Kwa sababu ninaelekea upepo."

"Si ndiyo uongeze nguvu?"

"Nguvu ndiyo adui. Ukiupiga kwa nguvu, mpira hujizungusha kinyumenyume, ukijizungusha hupanda, ukipanda..."

"Huenda kwa Bi Tabia."

"Umefahamu upesi kuliko Mpima Ardhi. Upepo ukizidi, mpigaji hupunguza. Mpira huwekwa karibu na mguu wa kulia. Mikono hutangulia mbele yake. Fimbo hushikwa chini kidogo ili ifupike, tena iwe ile ya chuma chenye uso uliosimama, si kile kilicholala. Uzito hukaa mguu wa kushoto, wala hauondoki. Kisha fimbo haipiti bega ikienda, na ikishapiga haipandi. Mikono inaishia kiunoni, kama mtu anayemkabidhi mgeni sahani."

"Na mpira?"

"Hutoka chini kama kware aliyeshtuliwa. Upepo unakuwa juu yake, haumjui."

"Nani kakufundisha?"

"Mskoti mmoja mjenga madaraja. Alisema kwao siku isiyo na upepo watu huulizana kuna msiba gani. Alipoondoka aliniachia fimbo moja."

"Basi sikiliza, Bwana Mfagia Upepo. Ukitokea mpira kwangu umepita chini, nitajua ni wewe. Ukitoka juu, nitampelekea Bi Tabia."

"Mpenzi..." alianza Bwanausi, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Dakika zenu zimekwisha," alisema Kibwana kwa sauti iliyokauka, ingawa simu za mjini hazikuwa na dakika.

Mwishoni mwa Agosti Bwanausi alipeleka posa. Mshenga wake alikuwa Mzee Mwinyimvua, mtu mnene, mtaratibu, ambaye hakupata kusema neno moja pale ambapo manne yangetosha. Mzee Mikidadi aliipokea barua, akauliza kama ni kweli kwamba kijana anaajiriwa kuchunga nyasi, akaambiwa nyasi zenyewe hazipo, ni mchanga, akasema atajibu Ijumaa ya tatu baada ya sala. Hilo halikuwa jibu baya. Wafanyabiashara hawajibu siku ileile hata wanapouziwa kwa hasara ya muuzaji.

Kila ukoo wa pwani una ada zake za posa, na kila ukoo huamini kwamba ada hizo ziliteremshwa. Bwanausi alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanabaraka, na sheria ya nyumba hiyo ilikuwa fupi.

"Ukishapeleka posa, mdomo umefungwa," alimwambia. "Hupiti mtaa wao, hutumi salamu, hupigi hilo lisimu lenu. Mpaka jibu. Babu yako alikaa miezi mitano."

"Na bibi alisemaje?"

"Alisema huyu ana heshima. Anayebembeleza baada ya posa ni mtu asiyeiamini barua yake mwenyewe."

Bwanausi alitii. Simu ya klabu ililia mara mbili saa nane mchana; mara mbili aliketi akaitazama mpaka ikachoka. Alisawazisha mchanga wa shimo la tisa akiwa ameipa mgongo nyumba ya ghorofa, na alijiona mwungwana.

Alichokuwa hakijui ni kwamba kwa akina Mardhiya, huko Pangani, mambo yalikwenda kinyume. Kwao mposaji hupeleka kikuba cha asumini, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia, kila Alhamisi mpaka siku ya jibu. Akikosa Alhamisi moja, ni mgonjwa. Akikosa mbili, amebadili nia, na kwa hisani yake ananyamaza ili binti apate nafasi ya kukataa kwanza, asije akaonekana ndiye aliyeachwa. Ni ada yenye huruma kubwa, na ndiyo maana ilikaribia kuleta maafa.

Alhamisi ya tatu, baada ya sala ya alasiri, Kibwana alifika uwanjani kwa baiskeli, ameinama dhidi ya upepo, kofia ya posta ameiuma kwa meno.

"Bwanausi, sheria ya kazi yangu hainiruhusu kusema nilichokisikia kwenye simu."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Nauliza tu. Hivi kikuba cha asumini kinapatikana wapi siku hizi?"

"Una nini, Kibwana?"

Kibwana alivumilia kwa muda wa pumzi moja. "Amempigia shangazi yake Zaina huko Dar es Salaam! Kasema Alhamisi mbili zimepita bila kikuba, na hii ya tatu inakwenda, na simu hupokei. Kasema, 'Shangazi, ukifika kesho mwambie baba sitaki. Afadhali nikatae mimi.' Halafu akalia. Mimi nikazima taa ya ubao wa simu nikalia kidogo."

Bwanausi alishika mpini wa reki kama mtu anayezuia nyumba isianguke. "Mwambie! Mpigie umwambie hatukujua!"

"Nikimwambia, baba yake atajua kuwa nasikiliza. Kesho nitakuwa nabeba magunia."

Mshenga Mwinyimvua alikuwa Kiwangwa kwenye mavuno yake ya muhogo na angerejea Ijumaa yenyewe. Bwanausi alikimbia nyumbani. Bi Mwanabaraka alikuwa akichambua mchele, na alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Nenda kamweleze, shangazi. Wewe ni mwanamke, utaingia."

"Ukoo unaojieleza katikati ya posa umekwisha kataliwa, mwanangu. Hatuendi."

"Basi nitampoteza kwa ajili ya ada!"

"Watu wamepoteza zaidi kwa kukosa ada." Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

Kisha Bwanausi aliuliza swali ambalo, kwa kadiri inavyojulikana, halijaulizwa katika ukoo wowote wa pwani. "Shangazi, mpira je?"

"Mpira gani?"

"Nikiwa uwanjani, kazini kwangu. Sipiti mtaani kwao. Sisemi neno. Mpira ukaenda wenyewe."

Bi Mwanabaraka alitafakari kwa uzito aliouweka kwa ajili ya mirathi. "Babu zako hawakutaja mpira," alisema mwishowe.

Bwanausi alipofika kwenye shimo la tisa, kusi ilikuwa imepamba moto. Mchanga wenye mafuta ulitimka, na bendera ya shimo ilijipiga kama kuku aliyeshikwa miguu. Mbele yake, hatua mia moja na hamsini, kilango cha mbuzi kilikuwa wazi. Mbuzi walikuwa wanaingia. Kingefungwa muda si mrefu. Alikuwa na mipira miwili mizuri na fimbo ya Mskoti.

Mpira wa kwanza aliupiga akiwaza Ijumaa. Mikono ilikaza, bega likazunguka lote, na fimbo ikamalizia juu ya kichwa chake kama ya Mpima Ardhi. Ulitoka vizuri, ukapanda, ukasimama hewani kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda, kisha kusi ikaupokea. Ulipita juu ya kofia yake ukirudi. Baada ya kitambo, kutoka sokoni, ilisikika sauti ya Bi Tabia ikitaja ukoo wa mtu.

Bwanausi aliuweka wa pili chini. Aliusogeza karibu na mguu wa kulia. Alishika fimbo chini kidogo, kisha chini zaidi, mpaka kidole chake kikagusa chuma. Uzito akauacha mguu wa kushoto. Yapo mambo ambayo mtu huyafanya vizuri pale tu anapokubali kwamba huenda yasisaidie, na hakuna anayejua kwa nini. Mskoti naye hakujua. Alinyanyua fimbo hadi kiunoni, si zaidi, akaishusha polepole kama anayefagia mlangoni pa mgonjwa, na mikono yake ikaishia mbele yake, imekabidhi sahani.

Mpira haukupanda hata kufika goti. Ulikwenda, ukagusa ardhi, ukaruka kidogo, ukakimbia, ukavuka mtaa ambao yeye haruhusiwi kuuvuka, na ukaingia chini ya tao. Hapo hapo mbuzi saba walitoka mbio, mmoja juu ya mwingine. Mtumishi alitoka akiwafukuza, akawarudisha, akafunga kilango. Basi. Dirisha la juu halikufunguka. Bwanausi alisimama pale mpaka adhana ya magharibi.

Ijumaa alisali bila kujua amesoma sura gani. Shangazi Zaina alikuwa amewasili kwa lori la asubuhi. Mji mzima ulimwona akishuka. Mwinyimvua, mwenye vumbi la Kiwangwa bado nyusini, alikwenda kwa Mzee Mikidadi baada ya sala, akakaa huko muda ambao Bwanausi aliutumia kusawazisha mchanga uleule mara sita.

Mshenga alirudi akitembea taratibu, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mzee. Wamesemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nitue. Kutua sinia ni nusu ya adabu." Alitua. Alipangusa jasho. "Mzee Mikidadi nimemkuta mzima. Nimemweleza ada ya kwenu ya kufunga mdomo, naye kanieleza ada ya kwao ya kikuba, tukacheka sana..."

"Mzee!"

"Amekubali. Ila anauliza kama ni ada ya kwenu pia kupiga mbuzi wa mkwe."

Chini ya kitambaa kulikuwa na barua, mipira miwili, wa Mpima Ardhi na wa kwake, na juu ya mipira hiyo kikuba cha asumini, mbichi bado. Kwao Pangani mwanamke hapeleki kikuba. Mardhiya alikuwa amepeleka.

Saa nane ya Jumamosi, mdomo ukiwa umefunguliwa kisheria, simu ililia.

"Nilikufa Alhamisi mbili nzima kwa sababu ya babu yako," ilisema sauti.

"Nisamehe, mpenzi. Nilidhani nakuheshimu."

"Uliniheshimu vibaya mno. Ukirudia kuniheshimu hivyo nitakwenda mahakamani."

"Niambie kitu kimoja. Ulijuaje kama mpira ni wangu? Hukuwa dirishani."

Kwenye waya zilisikika pumzi za watu watatu.

"Nilikuwa jikoni," alisema Mardhiya. "Niliukuta chini ya kinu. Nami nilikuwa nimetoka kufagia ua. Mpira wa juu ukianguka huchimba kishimo. Wako uliandika mstari mchangani, kutoka langoni hadi kwenye kinu, umenyooka kama uzi wa fundi. Nikajua umepita chini."

"Allahu akbar," alisema Kibwana.

Walioana mwezi wa Shaaban, na Bi Tabia, kwa makubaliano maalumu, ndiye aliyepika vitumbua.

Vita vikuu viliwachukua wachezaji wote wa gofu, na waliobaki hawakuwa na mafuta ya kumwaga mchangani. Bendera zilioza. Watu walipanda mikorosho. Mwaka wa hamsini na saba, Bwanausi alikuwa na duka dogo la vyombo karibu na bandari, mvi zimempendeza, na katika kabati la kioo la nyumba yao mipira miwili ilikaa ndani ya kikombe cha chai kisicho na sikio. Kila mgeni aliyeiulizia alisimuliwa. Bwanausi alieleza mguu wa kulia, mikono, fimbo. Lakini kilele cha hadithi kilikuwa ule mstari. Alikuwa akiuchora hewani kwa kidole. Mtu asiyekuwa na jambo kubwa la kujivunia maishani huwa makini sana na dogo alilo nalo, na Bwanausi aliupenda mstari ule, ambao hakupata kuuona, kuliko duka lake.

Alasiri moja ya Julai mgeni mmoja aliondoka, naye Mardhiya akabaki akikusanya vikombe. Kusi ilikuwa ikibisha madirisha.

"Hapakuwa na mstari," alisema.

"Wapi?"

"Uani. Mbuzi saba, Bwanausi. Wewe mwenyewe unasimulia jinsi walivyotoka na kurudishwa. Walitibua ua wote. Palikuwa na kwato tupu."

Bwanausi aliutazama mkono wake, ambao ulikuwa bado umenyooka kidogo kutokana na kuchora. "Basi ulijuaje kama ulipita chini?"

"Sikujua. Ungeweza kuwa wa Mpima Ardhi."

"Kusi haiwezi kuleta mpira upande ule! Ungekuwa unakwenda kinyume cha upepo."

"Siku ile sikuwa na nafasi ya kufikiri upepo unatoka wapi."

"Na kwa nini ukasema kuna mstari?"

"Uliniuliza, na Kibwana alikuwa anasikiliza." Alipanga vikombe, kimoja ndani ya kingine. "Nikuambie mbele ya Kibwana kwamba nilikuwa nimekaa jikoni natafuta sababu, na sababu yoyote ingetosha?"

Mume wake aligeukia dirisha. Nje, mahali palipokuwa na uwanja, mikorosho ilikuwa imeinama yote upande mmoja.

"Huo mstari," alisema hatimaye, "ulisema ulikuwa umenyookaje?"

Mardhiya alimtazama. "Kama uzi wa fundi."

"Basi ulinyooka," alisema Bwanausi, akafungua kabati, akaugeuza ule mpira wa pili ili upande wake safi uelekee kwenye kioo.